Teke la Mteremkoni

Watu wanaoniona nikiruka, nikazunguka hewani na kupiga teke kabla mguu mwingine haujagusa chini, hudhani nilizaliwa bila woga. Nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba mimi ni mwoga wa kutupwa, na teke hilo nilifundishwa na mtu aliyenishika kiuno kwa miezi minne mpaka woga ukapungua. Mtu huyo leo hawezi kupanda ngazi. Mambo hayo mawili yana uhusiano, na nimechoka kuusema nusu nusu.

Ilikuwa Kibondo, mwaka 2012. Mimi nilikuwa nanunua maharage vijijini kwa baiskeli na kuyafikisha kwa wenye maghala mjini. Yeye alikuwa fundi ujenzi, mzaliwa wa Kitahana, rika langu, mikono imekauka kwa saruji na kicheko hakimwishi. Tulikutana kwenye karate. Mwalimu wetu alikuwa mfanyabiashara wa mazao mwenye asili ya pwani, aliyejifunza mchezo huo ujanani huko Tanga, kisha akaja kwetu kufuata maharage na mahindi. Nyuma ya ghala lake kulikuwa na kiwanja cha udongo mwekundu. Kila baada ya sala ya alasiri alitufundisha hapo, kama watu kumi na wawili hivi, yeye amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, kahawa yake mkononi.

Hakututoza chochote, na jambo hilo alilitaja kila wiki. Sisi tulimshushia magunia lori likija, tukafagia ghala, tukaziba paa lilipovuja, na fundi ndiye aliyelisakafia lile baraza alilokalia. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Nasema tu kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri ya aliyotupa, na aliyopewa alikuwa anayasahau.

Mateke ya kuruka hakuyataka. Kwake karate ilikuwa kusimama imara, ngumi iliyonyooka na teke la mbele lisilopita kifua. "Karate si sarakasi, wanangu," alikuwa akisema. "Mwenye kuruka ni kuku." Tulicheka kwa sababu alitaka tucheke. Lakini rafiki yangu alikuwa ameliona teke la kuzunguka kwenye banda la video, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikaa wiki nzima akilirudia kichwani huku anajenga. Aliniambia amelikata vipande vinne: hatua, kichwa, goti la kushoto, mguu wa kulia. Alizungumza juu ya teke kama anavyozungumza juu ya ukuta, mstari wa tofali juu ya mstari, kozi baada ya kozi.

Mazoezi yenyewe tuliyafanyia kwao Kitahana, msimu wa kupura maharage. Mkishapura, pale uwanjani pa nyumba hubaki lundo kubwa la mabua na maganda, laini, linalozama hadi magotini. Kina mama wa kwetu hawalitupi lile lundo. Hulichoma, majivu yake wakayachuja kwa maji kupata magadi ya kuungia mboga. Mama yake alikuwa amelitunza lake kwa kazi hiyo, na sisi tukaja kulirukia. Mara ya kwanza alitoka jikoni na mwiko. "Mwakeye," nilimsalimia haraka haraka, nikidhani salamu itaniokoa. Akatutazama, akatazama lundo lake lililotawanyika mpaka kwenye migomba.

"Mnanisagia magadi yangu," alisema.

"Mama, tutalikusanya," fundi akajibu.

"Ego, haya, mtalikusanya. Na huyu mwenzako mbona anatetemeka?"

Nilikuwa natetemeka kweli. Kuruka nilikuwa naruka, lakini nikifika juu na dunia ikaanza kuzunguka, mwili uligoma, nikaanguka kama gunia lililoteleza begani. Yule mama aliingia ndani akatoka na kitenge chake cha kijani chenye maua ya njano. Akakikunja kwa urefu, akanifunga kiunoni, akamkabidhi mwanawe ncha mbili. "Mshike," akasema. "Akijua ameshikwa hataogopa." Wanawake wa kule huwafunga hivyo watoto wanaoanza kutembea. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilifungwa kama mtoto anayeanza kutembea, na ilisaidia.

Miezi minne alinishika hivyo. Mabua yalipochomwa tulitandika majani ya migomba makavu. "Kichwa kwanza," alikuwa akiniambia. "Macho yakishafika, kiwiliwili kitafuata." Aliachia kitenge polepole, leo ncha moja, kesho kidole kimoja, hadi siku moja nikatua na kugeuka nikamkuta amesimama mbali, kitenge kinaning'inia nyuma yangu chote. Alicheka mpaka akakaa chini. Sijapendwa na mtu asiye ndugu yangu kama nilivyopendwa siku ile.

Kutoka hapo tukalihamishia teke uwanja wa mjini, nyuma ya ghala, mwalimu akituita kuku bila kutukataza, na hapa naomba nieleweke vizuri, kwa kuwa ndipo lilipo kosa. Kibondo ni vilima. Ukiona mahali pamenyooka, mtu amepachimba. Kiwanja kile kilikuwa kimeinama kidogo tu, kutoka barazani kuelekea ukuta wa chini, kiasi ambacho jicho lililozoea vilima halikioni. Mwalimu alikaa upande wa juu. Na kwetu, pwani au bara, huwezi kumrushia mkubwa wako mguu. Hakuna aliyetufundisha, tulizaliwa tunajua. Kwa hiyo kila teke, siku zote, tulilipiga tukimpa mwalimu mgongo, kwenda chini. Miaka miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeruka kuelekea barazani.

Maana yake ni kwamba tulikuwa tunatua mahali palipo chini kuliko tuliporukia. Tulikuwa na hewa ya ziada. Si nyingi, nusu pumzi tu, lakini teke la kuzunguka linaishi ndani ya hiyo nusu pumzi. Tulidhani ni ufundi wetu.

Mwaka 2014 mwalimu aliacha kutuita kuku. Wageni wake walikuwa wamemwona fundi akiruka, wakapiga makofi, na mzee akavimba kichwa kana kwamba teke lilitoka mfukoni mwake. Muda si mrefu akatukalisha. Kuna mfanyabiashara mwenzake Kasulu, alisema, anafungua ukumbi wa mazoezi na anatafuta mwalimu: mshahara wa kila mwezi, chumba cha kulala, na mkanda mweusi utakaotolewa na watahini kutoka nje ya mkoa. Yatafanyika maonyesho Kasulu mwezi wa nane. Watahini hao wanapenda mateke ya kuruka. Atapeleka watu wawili, fundi na mimi, na atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayechukua nafasi.

Fundi alinipiga begani. "Mmoja wetu lazima," alisema. "Akipata mmoja, tumepata." Aliamini hivyo. Mimi niliitikia, lakini moyoni nilikuwa najua ni yeye. Kila mtu alikuwa anajua. Alikuwa anaruka juu zaidi yangu na kutua kimya. Yeye alikuwa na ufundi wake wa ujenzi, nikawaza, anao mkate wake. Mimi nina baiskeli mbovu na jua. Nilianza kumwonea kijicho mtu aliyenifunga kitenge, na sikushtuka hata kidogo.

Mwezi wa tano nilipeleka maharage kwenye soko lililo karibu na kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu. Wakimbizi wa Kongo walikuwa wakiuza pale vitenge, sabuni na mafuta ya mawese. Biashara ilipokwisha mapema, niliona uwanja wa mpira kando ya soko, bapa kabisa, nikatamani kuonekana. Niliruka mbele ya watu. Nikatua kwa ubavu wa mguu, kifundo kikapinda, nikabingirika vumbini. Nikainuka, nikarudia, nikaanguka tena. Watu walicheka, na ilikuwa haki yao.

Mzee mmoja Mkongo, muuza vitenge, hakucheka. Alikuja akachuchumaa kando yangu. Aliniambia kwao alikuwa akifundisha vijana kubiringita na kuruka, kabla ya vita.

"Weye, ulijifunzia wapi?" aliuliza.

"Kibondo."

"Sikuulize muji. Nakuuliza teren, kiwanja. Iko inashuka?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikaliona baraza kichwani mwangu, nikaona maji ya mvua yanavyokimbilia ukuta wa chini.

"Inashuka," nikasema.

"Ndiyo vile. Mwili yako iko inatafuta chini mahali udongo haiko. Hapa udongo inakuja mbio. Utavunja goti, kijana yangu. Panda juu mbele, kisha geuka. Usigeuke ukiwa ungali unapanda."

Alinifundisha jioni ile mpaka mwenzake alipomwita wakusanye mali. Nilirudi sokoni hapo mara nne kabla ya mwezi wa nane. Kila mara nilibeba maharage kidogo kuliko ninavyoweza, ili niwahi kumaliza. Mara ya tatu nilianza kutua. Mara ya nne nilitua kwa miguu miwili, na yule mzee akasema, "Sasa uko sawa. Kaambie na wenzako."

Sikuwaambia wenzangu. Nilipanga kuwaambia. Baiskeli ilipopanda vilima vya kurudi Kibondo nilipanga maneno yenyewe, nikayasema kwa sauti. Nilipofika, fundi alikuwa uwanjani anaruka, anatua kimya, watu wanashangilia, na mwalimu barazani anatikisa kichwa kwa furaha. Nikameza maneno. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia kwamba labda yeye hahitaji kuambiwa, yeye ni hodari, mwili wake utajirekebisha wenyewe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Ilinibidi hata kuigiza. Teke nililojifunza Kasulu lilikuwa refu mno kwa mteremko, nikawa natua kwa kishindo. Fundi aliona. "Mbona siku hizi unatua kwa uzito?" akaniuliza. Nikasema nimechoka na baiskeli. Kesho yake aliniletea viazi vya kuchemsha, amevifunga kwenye jani la mgomba, eti nile kabla ya mazoezi.

Siku ya maonyesho tulipanda nyuma ya gari la mwalimu, juu ya magunia, tumefungia suti zetu nyeupe kwenye mifuko ya plastiki zisishike vumbi. Fundi alikuwa amekuja na mfuko wake wa kazi, kwa sababu jioni alikuwa na ukuta wa mtu wa kutazama hapo Kasulu. Njia nzima alikuwa anaimba. Tulipokaribia, aliacha kuimba akaniuliza, "Wewe Kasulu unakuja kila mara. Uwanja wenyewe ukoje?"

Nilikuwa na nafasi hiyo. Hakuna aliyenibana koo. Barabara ilikuwa tulivu, uso wake ulikuwa umbali wa mkono mmoja, na neno lenyewe lilikuwa jepesi.

"Uwanja ni uwanja tu," nikajibu.

Akaendelea kuimba.

Mwalimu alitukataza kuruka kabla ya wageni kuketi. Alitaka washtuke. Kwa hiyo fundi hakupata hata mara moja ya kujaribu ardhi ile, iliyokuwa bapa kabisa. Aliitwa wa kwanza. Watahini walikaa mezani upande mmoja, na yeye, kwa adabu ile ile, akawapa mgongo. Alinikonyeza. Akapiga hatua, akapeleka kichwa, goti, na akaruka vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Juu hewani alikuwa hana kosa. Kisha udongo ukaja mbio. Mguu wa kushoto ulikanyaga ukiwa bado unazunguka, kiwiliwili kikaendelea, goti likabaki. Ulisikika mlio wa bua bichi linapovunjwa. Alipiga kelele mara moja tu.

Walimbeba kwenda kwenye gari. Mwalimu alihangaika huku na huku, akisema, "Sarakasi, sarakasi, nilisema mimi." Meza ya watahini ikanong'ona, halafu mmoja wao akaniita. Wangenielewa kama ningekataa. Nilisimama pale, miguu yangu inatetemeka kama siku ile Kitahana, na hakukuwa na mtu wa kunishika. Nikapanda juu kwanza, ndipo nikageuka. Nikatua kwa miguu miwili, kimya. Wakaniambia nirudie, nikarudia mara tatu. Makofi yalikuwa mengi.

Nilipokimbilia garini nilimkuta amelazwa juu ya magunia, jasho linamtoka, goti limevimba na kukaza suruali. Alifungua macho.

"Umetua?" aliuliza.

"Nimetua."

"Kwa miguu miwili?"

"Kwa miguu miwili."

"Tumepata," akasema, akafumba macho tena. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, na wakati huo huo, nasema kweli, nilikuwa na furaha.

Nikahamia Kasulu na mkanda wangu mweusi. Hospitali walimfunga mguu kwa plasta, walifanya walichoweza, lakini goti halikurudi. Likawa linakunjika nusu tu. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuingia kwa wingi na kambi ya Nyarugusu ikafurika, kazi za ujenzi zilijaa kila upande: maghala, ofisi, nyumba za wafanyakazi wa mashirika. Mafundi aliowafundisha yeye kushika mwiko wa saruji walinunua pikipiki. Yeye hakuweza kupanda jukwaa la ujenzi. Akabaki na kazi za chini, misingi na sakafu, na kazi za chini huisha wiki moja ukangoja nyingine mwezi mzima. Nilikuwa namtumia chochote kila nilipopokea mshahara, naye kila mara alinipigia simu kushukuru. Shukrani zile nilizichukia. Niliweka simu mbali na sikio.

Mwishoni mwa mwaka huo alinipigia akaniambia niende Kibondo, kuna kitu anataka kunionyesha. Nikaenda. Mwalimu alikuwa ameacha kufundisha na sasa anarefusha ghala lake juu ya kile kiwanja chetu. Msingi alipewa fundi. Nilimkuta amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mguu mmoja ameunyoosha mbele, ukoko wa saruji kavu kwenye nyusi. Hakuniamkia kwa kelele kama kawaida yake. Alinionyesha msingi.

"Hesabu mawe," akasema.

Upande wa barazani jiwe lilikuwa moja. Upande wa ukuta wa chini, ili msingi unyooke, alikuwa amepanga kozi nne.

Kisha akachukua ubao mrefu mnyoofu, akaulaza juu ya kipande cha udongo ambacho bado hakijachimbwa, pale pale tulipokuwa tunarukia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kazi akatoa pima maji, akaiweka juu ya ubao taratibu. Kipovu cha hewa hakikutulia katikati. Kilikimbilia upande wa baraza, kikagota mwisho wa kioo, kikakaa huko.

"Hii nilikuwa naibeba kila siku," alisema. "Natoka kazini, naitua pale ukutani, navua viatu, naanza kuruka. Mimi fundi. Nimepima nyumba za watu wote wa mji huu, na sikuwahi kuiweka chini hapa."

Nilitazama kipovu. Nilijua swali linakuja, na nilikuwa nimelisubiri mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nimejiapia kwamba likija nitalijibu.

"Wewe ulikuwa unajua?" aliuliza. Alikuwa ananitazama usoni bila hasira, kwa macho ya mtu anayetaka kumaliza kazi.

"Sikujua," nikasema.

Mabega yake yakashuka, akapumua, na ule uso wake wa zamani ukarudi.

"Afadhali," akasema. "Mama aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, yule angejua asingeniacha niruke."

Akafuta pima maji kwa kiganja, akairudisha mfukoni. Kutoka humo humo akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa kile kitenge cha kijani, maua ya njano yamefifia hadi kuwa meupe. Mama yake alikuwa amekifua na kukipiga pasi. "Amesema huko Kasulu nako watakuwepo wanaoogopa," akaniambia. "Amesema uwafunge nacho, wajue wameshikwa."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamwambia amshukuru mama kwa niaba yangu. Kipo kwenye sanduku, chini ya suti za zamani. Wanafunzi wangu wakiogopa kuruka, nawashika kwa kamba.